Wapagazi: Watu Waliokuwa Barabara ya Afrika ya Mashariki

Mwezi wa Juni mwaka wa 1857, msafara wa Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, uliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, kuelekea bara. Ulifika Kaze, jirani na mji wa Tabora wa leo, mwezi wa Novemba mwaka huo huo, na ukauona ukingo wa Ziwa Tanganyika huko Ujiji mwezi wa Februari 1858. Ilikuwa safari ya takriban miezi minane. Historia imewapa Waingereza hao sifa ya safari hiyo, lakini njia waliyopita haikuwa ngeni. Wanyamwezi na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiipita miaka mingi kabla yao, na kila kitu kilichosafiri juu yake, kuanzia pembe za ndovu hadi ushanga, kilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu.

Aghalabu historia ya uchukuzi husimuliwa kwa kuhesabu mashine: gari la ng'ombe, kisha treni, kisha lori. Katika Afrika ya Mashariki hesabu hiyo haitoshi. Hapa, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, chombo kikuu cha uchukuzi kilikuwa binadamu. Na kila mara ilipotangazwa njia mpya ya kumpumzisha binadamu huyo, yeye ndiye aliyeitwa kwanza kuijenga.

Kwa nini gurudumu halikuja

Wageni wa karne ya 19 walizoea kusema kwamba Waafrika hawakujua gurudumu. Maelezo hayo ni mepesi kupita kiasi. Tatizo kubwa lilikuwa mdudu mdogo, mbung'o, ambaye humwambukiza mnyama ugonjwa unaomdhoofisha hadi kufa. Gari lisilo na mnyama wa kulivuta halina faida, na katika sehemu kubwa ya nchi iliyo kati ya pwani na maziwa makuu, ng'ombe, farasi na punda hawakuweza kudumu. Wengi wa punda waliochukuliwa na Burton na Speke walikufa njiani.

Wala si kweli kwamba barabara hazikuwapo. Speke alipofika Buganda mwaka wa 1862, alikuta barabara pana zilizonyooka, zikipanda na kushuka vilima kuelekea makao makuu ya Kabaka Mutesa, na machifu wakiwajibika kuzitunza. Zilikuwa barabara za miguu, zilizotengenezwa kwa ajili ya wajumbe, majeshi na wachukuzi wa kodi. Kwingineko njia zilikuwa nyembamba, mtu nyuma ya mtu, kwa sababu mpagazi hakuhitaji zaidi ya hapo.

Majaribio ya kuwaleta wanyama hayakukosa. Kati ya mwaka wa 1877 na 1881, tajiri wa Kiskoti, William Mackinnon, na mwenzake Fowell Buxton waligharamia barabara ya magari ya kukokotwa kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Ilifika takriban maili 70 tu, kisha ikaachwa, na msitu ukairudisha mikononi mwake. Mwaka wa 1879, Mfalme Leopold wa Ubelgiji alituma tembo wanne waliofugwa kutoka India. Waliteremshwa Msasani, wakaongozwa bara kuelekea Ziwa Tanganyika kwa matumaini kwamba wao wangeuweza ugonjwa na mizigo. Si wote waliofika, na kiongozi wao, Kapteni Frederick Carter, aliuawa mwaka wa 1880 alipokuwa akirudi. Mpagazi akabaki kuwa hana mshindani.

Kazi iliyokuwa na heshima yake

Ni rahisi kudhani kwamba wapagazi wote walikuwa watumwa. Watumwa walikuwamo, na misafara mingi iliyoshuka pwani ilikuwa na watu waliofungwa minyororo. Lakini wanahistoria wameonyesha kwamba kwenye njia ya kati, ile ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, sehemu kubwa ya wapagazi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Wanyamwezi ndio waliosifika zaidi. Kwao, kijana aliyekuwa hajaiona pwani alihesabiwa kuwa bado hajakomaa, na aliyerudi na vitambaa aliweza kuoa na kuanza maisha.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka, chungu na chakula cha mwenyewe. Mbele alitangulia kirangozi, aliyeijua njia na visima vyake. Wake na watoto wa wapagazi nao walisafiri, wakibeba vyombo vya kupikia. Mapatano yalifanyika kabla ya safari, na tajiri aliyeyavunja aliona asubuhi mizigo yake imelala chini na wachukuzi wamekwenda zao. Stanley, Livingstone na wengineo wamejaza vitabu malalamiko juu ya wapagazi waliogoma au kutoroka. Malalamiko hayo, yakisomwa leo kwa jicho jingine, ni ushahidi wa wafanyakazi waliojua thamani ya kazi yao.

Lugha ya Kiswahili imehifadhi maisha hayo kuliko jengo lolote la makumbusho. Neno posho, ambalo leo hutajwa katika mabunge na maofisi, lilikuwa chakula cha siku alichopewa mpagazi, au kitambaa cha kununulia chakula hicho. Mtumba ulikuwa robota la nguo lililofungwa tayari kubebwa, na ndani yake aghalabu ilikuwamo merikani, pamba iliyofumwa Marekani. Siku hizi mitumba ni nguo kuukuu zinazouzwa sokoni, nazo bado hufika zikiwa zimefungwa katika marobota. Hongo nayo haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru halali uliotozwa na watawala wa njiani, hasa katika nchi kame ya Ugogo, ambako mwenye kisima ndiye aliyekuwa mwenye barabara. Msafara ulilipa, ukanywa maji, ukapita kwa amani. Baada ya utawala wa kikoloni kuwanyang'anya watawala hao mamlaka yao, malipo yalibaki bila uhalali, na neno likabaki na aibu.

Reli na ahadi yake

Mwishoni mwa karne ya 19, Uingereza na Ujerumani zilikwisha kugawana Afrika ya Mashariki, na zote mbili zilikabiliwa na hesabu ile ile. Kubeba tani moja ya bidhaa kutoka ziwani hadi pwani kulihitaji watu zaidi ya 30, na watu hao wote walipaswa kula kila siku. Ni bidhaa ya thamani kubwa tu, kama pembe za ndovu, iliyoweza kustahimili gharama hiyo. Pamba, kahawa na mahindi visingeweza.

Waingereza walianza kujenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka wa 1896. Ilifika Nairobi mwaka wa 1899 na ukingo wa Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka wa 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na kiasi cha 2,500 kati yao walipoteza maisha kwa maradhi na ajali, licha ya wale waliochukuliwa na simba wa Tsavo mwaka wa 1898. Kwa upande wao Wajerumani walianza Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka wa 1905. Ilifika Morogoro mwaka wa 1907, Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mapema mwaka wa 1914, ikifuata kwa karibu njia ile ile ya misafara. Bagamoyo, lango la zamani, ikaachwa kando, na Wanyamwezi wengi wakageuka kuwa wachimbaji wa tuta la reli na wakataji wa mkonge.

Hata gari la kwanza kuvuka bara kutoka mashariki hadi magharibi halikuwaepuka. Ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa mwezi wa Agosti 1907, akafika Swakopmund, katika Namibia ya leo, mwezi wa Mei 1909. Hapakuwa na barabara wala kituo cha petroli, na mara nyingi mashine hiyo ilivutwa kwa kamba na wanakijiji kutoka kwenye matope na mito. Safari iliyopaswa kuonyesha nguvu ya injini ikaonyesha pia nguvu ya mikono.

Vita vilivyorudisha mzigo kichwani

Mwaka wa 1914 ilionekana kana kwamba zama za wapagazi zinakwisha. Reli mbili zilikuwa zinafanya kazi, na malori yalikuwa yamekwisha vumbuliwa. Kisha vikazuka Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na idadi ya watu waliobebeshwa mizigo ikapanda kuliko wakati wowote katika historia ya eneo hili.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipigana huku akirudi nyuma, akiwavuta maadui zake mbali na reli, hadi bonde la Rufiji, kisha Msumbiji, na hatimaye Rhodesia ya Kaskazini, alikosalimu amri huko Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya. Mahali alipopita hapakuwa na barabara. Farasi na ng'ombe wa jeshi la Uingereza walikufa kwa maelfu kwa ajili ya mbung'o, na malori yalizama katika tope la masika. Kwa hiyo pande zote zikawarudia watu.

Hesabu yenyewe ilikuwa ya kutisha. Mtu mmoja hubeba kilo 27 hivi na huhitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Akitembea wiki mbili kwenda na wiki mbili kurudi, atakuwa ameumaliza mzigo wake wote bila askari aliyeko mbele kupata hata punje. Ndiyo maana kila askari alihitaji wapagazi kadhaa, na wapagazi hao wakahitaji wapagazi wengine. Katika muda wa vita, Uingereza peke yake iliandikisha wapagazi wapatao milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Wabelgiji nao waliwachukua maelfu kwa maelfu kutoka Kongo, na Wajerumani wakafanya vivyo hivyo katika vijiji walivyopitia.

Mwanzoni baadhi walikwenda kwa hiari. Mwaka wa 1917, chini ya uongozi wa John Ainsworth, uandikishaji nchini Kenya ukawa wa lazima na wa kusomba, wilaya baada ya wilaya. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi ulioiva nusu, wakalala mvuani bila blanketi za kutosha, na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu vikawamaliza wengi kuliko risasi. Takwimu rasmi za Uingereza zinataja vifo vya wapagazi karibu 95,000. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba idadi halisi ni kubwa zaidi, kwa kuwa wengi walikufa wakiwa njiani kurudi makwao, au hawakuandikwa kamwe.

Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waswahili waliligeuza jina hilo likakaa vizuri mdomoni: Kariakoo. Eneo la kambi yao mjini Dar es Salaam likawa mtaa na soko mashuhuri. Nairobi nako kukabaki Kariokor.

Lami, kodi na nguvu za watu

Baada ya vita, lori ndilo lililomwondoa mpagazi. Lori moja la tani tatu lilibeba mizigo ya watu zaidi ya mia moja, halikuugua, wala halikudai posho. Lakini lilidai barabara, na swali likawa ni nani ataitengeneza.

Jibu la serikali za kikoloni lilikuwa kodi. Katika Tanganyika, mtu aliyeshindwa kulipa kodi kwa fedha aliweza kutakiwa ailipe kwa kazi, na mara nyingi kazi hiyo ilikuwa kufyeka, kuchimba mitaro na kujenga madaraja ya miti. Uganda kulikuwa na kasanvu, kazi ya lazima iliyofutwa mwaka wa 1922, na luwalo, siku za kazi bila malipo zilizotumika pia kutunza barabara. Katika Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji, kazi za shuruti, za barabara zikiwamo, ziliwafanya maelfu ya watu kukimbilia Uganda kutafuta ujira. Hivyo barabara za mwanzo za magari zilikuwa, kwa namna fulani, upagazi ulioendelezwa kwa jembe.

Tena barabara hizo hazikukusudiwa kuunganisha nchi na nchi, wala mkoa na mkoa. Kazi yake ilikuwa kuyafikisha mazao hadi stesheni. Katika miaka ya 1930, serikali ziliweka hata vikwazo kwa malori yaliyothubutu kushindana na reli, ambayo ilikuwa mali yake na mdaiwa wake. Ramani iliyorithiwa wakati wa uhuru ilikuwa na mistari inayokwenda baharini, na michache tu inayokutanisha wenyeji.

Baada ya uhuru

Udhaifu wa ramani hiyo ulidhihirika mwezi wa Novemba 1965, pale walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru. Zambia, iliyotegemea njia za kusini kwa mafuta yake na kwa shaba yake, ikajikuta imezingirwa. Mlango uliobaki ulikuwa Dar es Salaam, na njia iliyobaki ilikuwa barabara ya vumbi ya zaidi ya kilomita 1,500. Malori yaliyosheheni mapipa ya mafuta yalipita humo usiku na mchana, yakipinduka katika miteremko na kukwama wakati wa mvua, hata madereva wakaiita njia ya jehanamu.

Mateso hayo yalizaa mambo matatu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka wa 1968. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia ilitiwa lami, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikawa ya uhakika. Na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka wa 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka wa 1976. Kwa mara ya kwanza, njia kubwa ilijengwa katika eneo hili kwa sababu nchi mbili za Kiafrika zilihitajiana.

Kusini mwa Tanzania kulisubiri zaidi. Mto Rufiji, ule ule uliowameza wapagazi wa mwaka wa 1917, uliendelea kuitenga mikoa ya Lindi na Mtwara kila masika, hadi daraja lenye jina la Rais Benjamin Mkapa lilipofunguliwa mwaka wa 2003. Na mwezi wa Julai 2024, treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa muda wa saa nne hivi. Misafara ya zamani ilitumia miezi miwili au zaidi kuifikia nchi hiyo hiyo ya Ugogo, na bado ikalazimika kulipia maji.

Deni la majina

Mwaka wa 1927 ilizinduliwa mjini Dar es Salaam sanamu ya askari mwenye bunduki, ambayo wenyeji wameifanya kuwa katikati ya mji. Sanamu zinazofanana nayo zipo Nairobi na Mombasa, na katika ile ya Nairobi mmoja wa watu watatu walioonyeshwa ni mpagazi. Maandishi yake yanawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini sanamu haina majina. Askari wa Kizungu aliyekufa katika vita hivyo alipata kaburi na jiwe lenye jina lake, au jina lake likaandikwa ukutani. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yamezwe na majani, kwa uamuzi wa maofisa wa wakati ule. Hata mishahara ya marehemu ambayo haikuchukuliwa na jamaa zao ilizua mabishano ya miaka mingi kati ya Nairobi na London.

Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri jambo hilo. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Mwezi wa Januari 2025, huko Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wenye majina ya Waafrika Kusini weusi 1,772 waliokufa katika kazi za vita hivyo bila kuwa na kaburi linalojulikana. Ukumbusho huo umethibitisha kwamba majina yanaweza kupatikana pale yanapotafutwa.

Kwa Afrika ya Mashariki kazi hiyo ni nzito zaidi, kwa sababu orodha nyingi zimepotea na wazee waliosimuliwa na baba zao wanaendelea kupungua. Wakati huo huo, barabara zinazidi kupanuliwa, na kila moja hupewa jina la kiongozi, la shujaa au la nchi iliyotoa mkopo. Soko la Kariakoo nalo linaendelea na shughuli zake. Mabasi ya mwendokasi hufika jirani nalo, marobota ya mitumba hushushwa kutoka kwenye malori, na vijana huyabeba mabegani hadi madukani kwa ujira wa siku. Jina la mtaa huo ni miongoni mwa kumbukumbu chache ambazo wapagazi wa vita vile waliachiwa, na wengi wa wanaolitamka kila siku hawajaambiwa kwamba ni jina la watu.